Tuijue Nchi Yetu: Maji ya Sanje, Taa ya Mbagala



Mwezi huu tunasafiri. Tunatoka Dar es Salaam, tunakwenda Sanje. Sanje ni kijiji cha wilaya ya Kilombero, mkoa wa Morogoro. Juu ya kijiji hicho yako maporomoko makubwa ya maji. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa.

Labda msomaji wa Chamazi au Mbande, wilaya ya Temeke, atauliza: "Maporomoko ya Kilombero yananihusu nini mimi?" Msomaji wa Bunju au Mabwepande, wilaya ya Kinondoni, naye atauliza hivyo hivyo. Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni hili: maji yale husaidia kuwasha taa ya nyumbani kwako. Twende tukayaone.

NJIA YA KWENDA

Kutembea katika msitu wa Sanje ni kazi ya siku moja. Lakini Sanje ni mbali na Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam ajipangie siku tatu. Siku ya kwanza ni ya kwenda. Siku ya pili ni ya msitu na maji. Siku ya tatu ni ya kurudi.

Ukienda kwa basi, utapita Morogoro, kisha Mikumi. Toka Dar es Salaam mpaka mji wa Mikumi ni kiasi cha kilometa 300. Kabla ya kufika mjini, barabara inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964. Hapo kaa karibu na dirisha. Unaweza kuona twiga, pundamilia, swala na nyani, hata tembo. Usiwatupie chakula. Nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani, na hapo hugongwa na magari.

Mjini Mikumi utaiacha barabara ya Iringa na kushika njia ya kushoto. Utapita Kidatu, penye mashamba makubwa ya miwa. Baadaye utafika Sanje. Mbele kidogo ni Mang'ula, penye makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa. Huko ndiko wageni wengi hulala.

Ipo pia reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Stesheni yake ya Dar es Salaam ipo Barabara ya Nyerere. Reli hiyo nayo hupita Mang'ula. Ukitaka kwenda kwa treni, uliza kwanza stesheni kama ipo treni ya abiria, na siku gani.

Safari ya kikundi ni rahisi kuliko safari ya mtu mmoja. Vikundi vya kuweka na kukopa vipo kila mtaa. Wanachama wakiweka fedha kidogo kidogo, baada ya miezi kadhaa wanaweza kukodi gari pamoja. Kila mmoja achukue kitambulisho chake, maana raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje. Lipa kwa njia ya serikali tu, kwa namba ya malipo utakayopewa. Kisha dai stakabadhi.

NDANI YA MSITU

Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Eneo lake ni kilometa za mraba 1,990. Ndani yake hakuna barabara ya magari kama zile za Mikumi. Huku watu hutembea kwa miguu.

Huruhusiwi kwenda peke yako. Utapewa mtu wa kukuongoza. Usimdharau hata kama ni kijana mdogo kuliko wewe. Yeye anajua njia. Anajua mahali penye utelezi. Tena anajua dalili za tembo na nyati, ambao nao hupita humo. Akisema "simameni," simama. Akisema "nyamazeni," nyamaza.

Vaa viatu vinavyoshika vizuri. Kandambili hazifai. Chukua maji ya kunywa na chakula chepesi. Njia ni ya mlima, na safari ya kwenda na kurudi huchukua kama saa nne. Mgonjwa wa moyo au mama mjamzito apate kwanza ushauri wa daktari.

Humo njiani tazama juu ya miti. Utaweza kuwaona mbega wekundu, wenye nywele nyekundu kichwani. Wapo pia mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani, na kima. Ukibahatika utamwona ngolaga.

Habari ya ngolaga inafaa kukumbukwa. Mwaka 1979 wataalamu wa wanyama walikuwa katika msitu huu, wakiwatafuta mbega wekundu. Wakasikia mlio mgeni kwao. Kwa wenyeji mlio huo haukuwa mgeni. Walikuwa wakimjua mnyama huyo siku zote, na jina lake wanalo: ngolaga. Wataalamu walipochunguza waliona kuwa huyu ni nyani wa aina ambayo haikuwa imeandikwa katika kitabu chochote. Hapatikani mahali pengine duniani, ila katika misitu ya Udzungwa. Basi, elimu ya kijiji nayo ni elimu. Kilichokosekana ni kuiandika.

KWENYE MAJI

Utayasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Maji huanguka kwa ngazi tatu. Ukizijumlisha zote, maji huteremka meta 170. Mnazi mrefu hufika meta 30 hivi. Sasa fikiri minazi mitano mirefu imesimamishwa mmoja juu ya mwingine. Maporomoko ya Sanje ni marefu kuliko hiyo.

Chini ya maporomoko kuna vidimbwi. Maji yake ni ya baridi na maangavu. Mwongozaji atakuonyesha mahali panaporuhusiwa kuoga. Lakini maji mazuri nayo huua. Shika mambo haya:

1. Usijitose kwa kichwa. Mawe yapo chini, hata kama huyaoni.

2. Asiyejua kuogelea asipite maji ya magoti.

3. Mtoto ashikwe mkono wakati wote.

4. Usipande juu ya mawe yenye ukoga ili kupigwa picha. Wala usisogee ukingoni mwa maporomoko.

5. Maji yakigeuka rangi kuwa ya udongo, au mlio ukiongezeka ghafla, toka mara moja. Huenda mvua imenyesha juu mlimani, na mafuriko yanakuja, hata kama ulipo wewe jua linawaka.

6. Usitumie sabuni. Wako watu wa chini wanaoyatumia maji hayo.

Mambo haya yanafaa hata nyumbani. Huko Kunduchi na Boko, wilaya ya Kinondoni, yapo mashimo ya machimbo ya mawe na mchanga. Mvua ikinyesha, mashimo hujaa maji na watoto huenda kuogelea. Shimo la machimbo lina kingo za kukatika. Hatua moja maji ni ya magoti, hatua ya pili yanapita kichwa. Tena hakuna mwongozaji pale.

Maji yaliyotulia yana hatari nyingine, nayo ni kichocho. Mtu mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huingia humo. Minyoo hukua ndani ya konokono wadogo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Konokono hao hupenda maji yasiyokwenda kwa kasi, yenye majani. Mtoto akikojoa damu, mpeleke zahanati au kituo cha afya. Usimfiche kwa aibu. Dawa ipo.

MAJI HAYA YANAKWENDA WAPI?

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza. Kaa juu ya jiwe, tazama bondeni. Utaona mashamba ya miwa, na mbele yake bonde pana la Mto Kilombero. Maji yaliyokulowesha miguu yanakwenda huko.

Mto Kilombero hukutana na Mto Luwegu, na hapo ndipo Mto Rufiji huanza. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Katika Mto Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa hilo lina mitambo 9 ya umeme. Nguvu ya mitambo yote ni megawati 2,115. Linganisha na bwawa la Kidatu, ulilolipita njiani. Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975, na nguvu yake ni megawati 204.

Toka bwawani umeme husafiri kwa nyaya mpaka Chalinze. Kutoka huko hufika Dar es Salaam. Huwasha taa ya Mbagala na mashine ya kusaga ya Tegeta. Kijito cha Sanje peke yake ni kidogo. Lakini vijito vya namna hiyo ni vingi katika Udzungwa, na haba na haba hujaza kibaba.

Maji yakipungua, wote tunaona. Mwaka 2006 ukame ulikuwa mkali. Maji ya bwawa la Mtera yalipungua sana, na umeme ukatolewa kwa mgao. Mafundi cherehani walikaa bure. Samaki waliharibika katika mafriji. Mwaka 2023 ulipokuwa unakwisha, mgao ulikuwapo tena. Hali ilianza kupata nafuu mwezi Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kazi. Lakini mtambo hauzai maji. Mtambo huyangoja.

MSITU UNAFANYA KAZI GANI?

Jaribu jambo hili nyumbani. Mwaga ndoo moja ya maji juu ya uwanja mkavu uliofagiliwa. Maji yatakimbia na kuchukua udongo. Sasa mwaga ndoo nyingine chini ya mwembe, palipo na majani makavu mengi. Maji yatazama polepole.

Msitu wa Udzungwa hufanya hivyo. Mawingu ya bahari hufika mlimani, hupanda juu, hupoa na kuwa mvua. Majani na mizizi huipokea mvua hiyo na kuiachia kidogo kidogo. Ndiyo sababu Sanje huwa na maji hata kiangazi. Msitu ukikatwa, mvua ya siku moja itakuwa mafuriko ya siku moja. Baada ya hapo ni mchanga mtupu, na mchanga huo utakwenda kujaza mabwawa.

NANI ANALIPIA TAA?

Hapa, ndugu msomaji, pana jambo gumu. Msitu huo una majirani. Kwa miaka mingi wanavijiji wa kando ya hifadhi waliruhusiwa kuingia siku maalumu za wiki, kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Sababu iliyotolewa ni kuulinda msitu usiharibiwe. Lakini chungu hakipikwi kwa sababu. Mzigo ulimwangukia zaidi mwanamke, kwa kuwa yeye ndiye mtafutaji wa kuni. Ilibidi atafute kuni mbali zaidi, au azinunue.

Kwa hiyo mama wa Sanje anapoacha kuokota kuni, yeye naye anachangia taa ya mama wa Mbagala. Je, mama wa Mbagala anajua? Je, anamrudishia nini?

Yapo mambo yanayowezekana. Ukifika Sanje au Mang'ula, kula chakula cha mama lishe wa pale pale. Nunua mchele wa Kilombero kwa mkulima wake. Lala katika nyumba za wageni za pale. Fedha ya mgeni ikibaki kijijini, mwanakijiji ataona faida ya msitu.

Wanavijiji nao wapande miti ya kuni kandokando ya mashamba na nyumba. Watumie majiko yanayokula kuni kidogo. Tuliopo Dar es Salaam tuyatumie vile vile, maana mkaa wetu nao hutoka katika msitu wa mtu fulani. Tena tuzime taa isiyo na kazi.

Lakini haki haiji kwa wema wa mgeni peke yake. Mwanakijiji ana mkutano mkuu wa kijiji. Hapo anaweza kuuliza: fedha za hifadhi zinaleta nini hapa kwetu? Miche ya miti iko wapi? Aulize kwa adabu, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Maji ya Sanje yanapita wapi mpaka kuwa umeme wa Dar es Salaam? Taja mito na bwawa.

2. Kwa nini mtu aliye kwenye kidimbwi atoke maji yanapogeuka rangi?

3. Karibu na kwenu kuna shimo au dimbwi ambalo watoto huogelea? Mmefanya nini kuwalinda?

4. Mama wa kando ya hifadhi amekatazwa kuni ili msitu uhifadhiwe. Mnaona anastahili kupata nini, na kutoka kwa nani?