Manung'uniko Hayaendeshi Treni

Mafinga haina stesheni. Abiria wake wa TAZARA huifuata Makambako. Treni ikichelewa, abiria huyo hulaani palepale, akafika kwake akasahau. Huko si kulalamika, ni kujipoza moyo. Reli hii ya kilomita 1,860, iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976, ni mali ya umma. Mwenye mali huandika: tarehe, namba ya tiketi, saa alizosubiri, jibu alilopewa. Nakala moja huipeleka kwa Mamlaka ya Reli, nyingine kwa LATRA CCC, baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini. Ajabu, wanaoishia kunung'unika ni walimu na watumishi wa serikali, wale wale wanaofundisha na kudai barua rasmi kila siku! Mkulima asiyejua kuandika atasemewa na nani?