Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Tundu la Ngoma ya Sikio Linazibika

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, na nakuandikia kwa ajili ya watoto wanaotoka usaha masikioni. Ombi langu ni hili: upasuaji wa kuziba ngoma ya sikio iliyotoboka upatikane katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, na gharama yake ibebwe na bima ya afya kwa wote.

Hakuna mwalimu asiyewajua watoto hawa. Huja shuleni na pamba sikioni, na jua likishapanda, harufu huwafanya wenzao wasogee pembeni ya dawati. Ukimuuliza swali, mtoto hukugeuzia sikio lenye nafuu huku akikutazama mdomo. Kazi ya ubaoni anaiweza vizuri. Imla ndiyo inayomshinda: maneno anayaruka, daftari linabaki na mapengo, na mwisho wa muhula anaandikiwa kuwa ni mzembe na hasikilizi. Nyumbani humtia mafuta ya moto au maji ya majani, na wengi huambiana kwamba ni maradhi ya utotoni, yataisha akikua. Kwa wengi hayaishi. Mtoto huyo anakuwa kijana anayekwepa mazungumzo, na baadaye mtu mzima anayekosa kazi kwa sababu hakusikia alichoulizwa.

Ngoma ya sikio ni utando wenye kipenyo cha milimita 8 hadi 10, na unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Sauti ikiugonga, hutetemeka, na mtetemo huo hupita katika vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, hadi sikio la ndani. Eneo la ngoma linalotetemeka ni karibu mara 17 ya kitako cha kikuku, kwa hiyo nguvu iliyokusanywa kwenye eneo kubwa huishia mahali padogo ikiwa imeongezeka. Ngoma ikitoboka, nguvu hiyo hupungua. Tundu dogo hupunguza usikivu kidogo tu. Tundu kubwa huweza kuondoa hadi desibeli 40, na usaha ukishakula vifupa, hasara hufika hata 60. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaribiana yana kiasi cha desibeli 60. Mtoto mwenye matundu makubwa masikio yote mawili, aliyeketi dawati la nyuma katika darasa lenye kelele, humsikia mwalimu kwa mbali sana.

Tundu lenyewe mara nyingi huanzia kwenye mafua: maambukizi hupanda kutoka kooni, usaha hujaa nyuma ya ngoma na kuipasua. Huku kwetu pwani wapo pia waliotobolewa na shinikizo la maji kwa kupiga mbizi, na wapo waliotobolewa na kofi la sikioni, nyumbani au shuleni. Mengi ya matundu mapya hujiziba yenyewe katika wiki au miezi michache. Yanayohitaji mkono wa daktari ni yale yaliyogoma kufunga, hasa kwenye sikio linalotoka usaha mara kwa mara.

Mheshimiwa, jambo hili si geni wizarani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2004 kuhusu usaha sugu wa masikio, liliiweka Tanzania katika kundi la juu kabisa, lile la zaidi ya asilimia 4 ya watu, pamoja na India, Visiwa vya Solomon, Guam, Greenland na wenyeji wa asili wa Australia. Kundi hilo lilielezwa kuwa na tatizo kubwa la afya ya jamii linalohitaji hatua za haraka.

Tiba ipo, na si ya jana. Wajerumani Wullstein na Zöllner waliiwekea misingi yake ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sikio likishakauka, daktari wa masikio, pua na koo humlaza mgonjwa kwa nusukaputi, au kwa ganzi akiwa mtu mzima. Hukata kidogo nyuma ya sikio au juu yake na kuchukua kipande cha utando unaofunika msuli wa panja. Hukikwangua, hukikausha hadi kikakamaa kama karatasi, kisha akakipunguza kwa kipimo cha tundu. Halafu, akitazama kwa darubini ya upasuaji au kamera nyembamba, huchubua kingo za tundu ili zitoe nyama mpya, na kukipenyeza kipande hicho chini ya ngoma. Hukishikiza kwa sponji laini inayoyeyuka yenyewe. Mgonjwa huambiwa asipenge kamasi kwa nguvu na asiingize maji sikioni kwa wiki kadhaa. Kipande kinachoziba tundu kinatoka mwilini mwake mwenyewe. Hakinunuliwi nje ya nchi.

Katika mikono ya mabingwa wenye uzoefu, matundu manane hadi tisa kati ya kumi huziba. Usikivu nao kwa wengi huongezeka, ingawa si kwa kiwango kimoja. Ikiwa vifupa ni vizima na sikio la ndani halijaguswa, mgonjwa anaweza kurudi karibu na usikivu wa kawaida. Ikiwa vifupa vimelika, hulazimu kuviunga au kuweka vya bandia, na matokeo hupungua. Ikiwa sumu za maambukizi ya miaka mingi zimeharibu sikio la ndani, kuziba ngoma kutakausha usaha, lakini usikivu ule uliopotea ndani haurudi. Wapo pia ambao ngozi imeota nyuma ya ngoma na kuanza kula mfupa. Hao wanahitaji upasuaji mkubwa zaidi na wa haraka, kwa kuwa usaha wao unaweza kupooza uso au kufika kwenye ubongo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kuchelewa kuna gharama yake. Mara nyingi madaktari humsubiri mtoto afike miaka 7 au 8 hivi kabla ya kumfanyia upasuaji huu, na kungoja huko kuna sababu za kitabibu. Lakini kungoja kwa sababu bingwa yuko mikoa mitatu mbali, au kwa sababu nauli na gharama hazijapatikana, hakuna sababu yoyote ya kitabibu. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio, huduma ambayo awali Watanzania walipelekwa nje ya nchi kuifuata. Tulijivunia, na tulistahili. Taifa lililoweza hilo haliwezi kushindwa kuziba tundu la milimita chache mkoani Tanga, Kigoma au Lindi.

Naomba basi mambo manne.

Kwanza, kila zahanati iwe na kurunzi ya kuchungulia sikio, mtu aliyefundishwa kuitumia, na matone ya siprofloksasini. Baadhi ya matone mengine, kama ya jentamaisini, yakipita kwenye tundu yanaweza kudhuru sikio la ndani. Mgonjwa asipewe kwa kubahatisha.

Pili, kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na daktari wa masikio, pua na koo, darubini ya upasuaji na mashine ya kupimia usikivu. Pale ambapo bingwa hajapatikana, ratiba ya mabingwa wa kanda kuzuru mkoa itangazwe mapema.

Tatu, tumeshapata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kitita cha mafao kimhudumie mgonjwa huyu safari nzima, tangu kipimo cha kwanza cha usikivu, upasuaji, hadi kipimo cha miezi mitatu baadaye. Upasuaji wa kumrudishia mtoto usikivu usihesabiwe kuwa wa hiari.

Nne, Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu zikubaliane watoto wapimwe masikio wanapoanza darasa la kwanza, na walimu tufundishwe dalili. Sisi tunakaa nao kutwa nzima. Tukipewa pa kuwapeleka, tutawaleta.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kila dola 1 inayowekezwa katika huduma za masikio na usikivu hurudisha karibu dola 16. Hata bila hesabu hiyo, haki ya mtoto kumsikia mwalimu wake inatosha.

Mheshimiwa Waziri, bajeti ijayo iwe na fungu la masikio linaloonekana, na utuambie wananchi ni mikoa ipi itaanza na lini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Tanga.