Nani Mwenye Sura ya Zimwi?

Wapo watu wazima, wenye elimu na kazi zao, wanaogombana kwa maneno makali juu ya pua ya kiumbe ambaye hajapata kuishi. Msomaji asicheke upesi. Ugomvi huo una jambo zito ndani yake, nami nina upande wangu.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons, nao ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani. Mmoja husimulia safari, na kila mmoja wa waliobaki hujitwalia nafsi ya shujaa, akasema atakalo kutenda, kisha dadu huamua kama amefaulu. Maadui wa safari hizo hutoka katika kitabu cha madubwana, kiitwacho Monster Manual, ambamo kila kiumbe ana picha yake na hesabu ya nguvu zake. Kitabu hicho kilitoka kwanza mwaka 1977, na chapa ya karibuni ilitoka mwaka 2025. Katikati ya miaka hiyo viumbe wamechorwa upya mara nyingi, na kila mara hupigwa yowe kwamba sura ya asili imeibwa.

Asili ipi? Mtazame koboldi. Katika hadithi za Wajerumani alikuwa pepo wa nyumbani na wa migodini; wachimbaji walimlaumu kwa mawe yaliyotoa moshi wa sumu na kuwanyima fedha, na jina lake ndilo lililozaa jina la madini ya kobalti. Mwaka 1977 wachoraji walimfanya kijitu chenye magamba, pembe na uso wa mbwa. Mwaka 2000 akawa mjusi mdogo, jamaa wa majoka. Basi anayeililia picha ya 1977 analilia kitu ambacho mchimba madini wa Kijerumani asingekitambua hata kidogo. Tena dubu mwenye kichwa cha bundi, na yule mdudu alaye chuma, ambao mashabiki huwatukuza kana kwamba walishuka kutoka mbinguni, walitokana na vitu vya kuchezea vya plastiki, vya bei rahisi, vilivyotengenezwa Hong Kong.

Nasi tuliolelewa kwa ngano twajua kwamba zimwi halikuwa na picha. Kila mtoto alilichora gizani, kwa hofu yake mwenyewe, na hakuna aliyemshitaki mwenziwe kwa kulikosea.

Lakini koboldi ni mzaha tu mbele ya orki. Kiumbe huyu mchezo ulimtwaa kwa J. R. R. Tolkien, mwandishi Mwingereza, ambaye mwenyewe alisumbuka rohoni kama yafaa kuwako taifa zima lililo ovu pasipo tumaini. Kitabu cha 1977 hakikusumbuka. Kilimpa orki pua ya nguruwe, kikamtoa auawe. Kitabu kingine, cha mwaka 2016, kilimruhusu mchezaji kuwa orki, walakini kilimpunguzia alama 2 za akili kabla hajatenda neno lolote. Mwaka 2020 wachapaji waliifuta hesabu hiyo. Mwaka 2024 orki aliingizwa katika kitabu kikuu cha wachezaji, miongoni mwa watu wengine, na mwaka 2025 akaondolewa katika kitabu cha madubwana.

Wapinzani husema kwamba mchezo wahitaji adui wa kupigwa bila majuto. Hoja hiyo ina uzito, maana watu hawaketi mezani Jumamosi jioni ili waendeshe mahakama. Lakini adui wa namna hiyo hupatikana kwa urahisi: ni mnyang'anyi, mchoma vijiji, mfalme dhalimu. Hao wanapigwa kwa walilotenda. Orki alipigwa kwa alivyozaliwa.

Msomaji wa Kenya asiseme haya ni mambo ya mbali. Katika miaka ya 1930, hapa Nairobi, madaktari wawili wa serikali ya kikoloni, H. L. Gordon na F. W. Vint, walipima mafuvu na bongo za Waafrika, wakatangaza kwamba akili zetu ni pungufu kwa maumbile. Sisemi orki ni Mwafrika. Kusema hivyo kungekuwa tusi la pili. Nasema kwamba kuipunguza akili ya kabila zima kwa tarakimu, kabla ya mmoja wao kufungua kinywa, ni hesabu tuliyokwisha kufanyiwa, na kijana wetu akiikuta mezani, hata kwa mchezo, ana haki ya kuikataa.

Wala siwasifu wachapaji kupita kiasi. Ni wafanyabiashara, na chapa mpya huuzwa kwa bei mpya. Tena katika kitabu hicho cha 2025 wametumia hila ambayo siipendi: koboldi sasa ameandikwa katika jamii ya majoka, na fisi-mtu katika jamii ya mashetani. Yule wa kuuawa amebaki wa kuuawa; kilichobadilika ni jina la ukoo wake, ili muuaji alale usingizi. Hapo ndipo ningependa kumwona mchoraji akiasi. Atakayemchora fisi-mtu akimnyonyesha mwanawe atalikanusha neno shetani kwa mistari michache ya kalamu, na mchezaji aliyekwisha kuinua dadu itambidi aulize kwanza huyu aliye mbele yake amefanya nini.