Golf inajengwa haraka, lakini nani anapanga maji yapite wapi?

Kila msimu wa mvua, wakaaji wa mitaa mipya ya pembeni ya Golf, kama Golf Météo na Tshamalale, wanaona jambo lile lile: nyumba zimefika kabla ya mitaro. Kila mmoja anazungushia parsele yake ukuta, anachimba kisima, na choo kinawekwa hatua chache kutoka hapo. Maji yakikosa njia, yanaingia kwa jirani.

Wazazi wengi wanataka mtoto awe injinia wa migodi, daktari ao mwanasheria. Si vibaya. Lakini Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, unahitaji pia watu waliosomea kupanga makao na mazingira: nyumba zikae wapi, takataka ziende wapi, miti gani ibaki.

Mfano uko karibu. Kule Penga-Penga, moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba uliharibu udongo hata majani yakakataa kuota. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walitia chokaa na mboji, wakapanda nyasi inayovumilia shaba, Microchloa kunthii, ili udongo ule ufunikwe tena.

Familia zilizohama Kivu zinajua bei ya kukosa mpango. Mwezi wa Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Na kambi ya wahami ni mji mdogo: choo kikiwekwa juu ya kisima, kipindupindu hakichelewi.

Swali la kila baba ni moja: kazi iko? Iko. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inadai kila mradi unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe uchunguzi kwanza. Kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha makampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani. Lazima awepo mtu wa kupima maji, kuchora ramani, kusikiliza vijiji na kuandika ripoti. Anaweza kuajiriwa na kampuni ya migodi, ofisi ya uchunguzi, idara ya mipango ya miji ao shirika linalosaidia wahami.

Ni kweli, diploma peke yake haifungui mlango, na wengi wanalalamika kwamba bila kumjua mtu hupati hata staji. Ndiyo maana mzazi asitazame jina la kitivo tu. Kijana anaweza kupitia jiografia, jiolojia ao kilimo hapa Lubumbashi, ao kusomea ujenzi na mipango ya miji kwenye ISAU, Kinshasa. Mzazi aulize: wanafunzi wanatoka kwenda kupima udongo? Wanajifunza kuchora ramani kwa kompyuta?

Nao wakuu wa komini wana deni. Kabla ya kugawa parsele nyingine, wawapokee vijana hawa kwa staji, wawape kalamu na ramani ya mtaa, na mitaro ichorwe kwanza. Mtoto wa mhami aliyeona maji yakibeba nyumba yao asikose nafasi kati yao.