Mtoto Aitwe Mtoto

Nimefundisha kwa miaka 38, na nusu yake nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi katika milima ya Karagwe, pamoja na sehemu ile ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa. Nikisema kwamba neno moja laweza kumwozesha mtoto, sibahatishi. Neno hilo niliwahi kuliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya 1980. Wageni wa mradi mmoja wa ng'ambo walitazamiwa kuja kukagua shule, nikatakiwa kuandaa taarifa fupi kwa Kiingereza. Nilikuwa najivunia Kiingereza changu cha chuo cha ualimu. Nilipofika kwenye idadi ya wanafunzi, ilinibidi kueleza kwa nini wasichana wawili wa darasa la sita hawaonekani tena. Mmoja alikuwa na miaka 14, mwenzake 15. Nikaandika kwamba "two young women", yaani wanawake vijana wawili, wameacha shule ili waolewe. Mgeni alisoma, akaitikia kwa kichwa, akafungua ukurasa wa pili na kuniuliza habari za bati za paa.

Sikusema uongo, ila nilichagua neno la kupitishia jambo. Kama ningeandika "two children", watoto wawili, macho ya mgeni yule yangesimama pale. Na kalamu yangu ingesimama kabla ya macho yake. Mmoja wa wasichana wale alikuwa akipata jibu la hesabu kichwani kabla sijamaliza kuiandika ubaoni.

Kiingereza kina ghala kubwa la majina ya watu ambao hawajawa watu wazima, na kila jina lina mwenyewe. "Infant" nyumbani ni kitoto kichanga, lakini katika sheria za Uingereza za zamani lilimhusu kila mtu aliye chini ya miaka 21, hata mwenye ndevu, mpaka sheria ya mwaka 1969 ilipouteremsha umri huo hadi 18. "Teenager" ni mwenye umri ambao tarakimu yake kwa Kiingereza huishia na "teen", kuanzia 13 hadi 19. Basi anayepiga kura na anayecheza kibemenda wametiwa kapu moja. "Juvenile" ni la mahakama na polisi. "Minor" ni la makaratasi. Wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara na Karagwe mwaka 1994, wale waliopotezana na wazazi wao njiani waliandikwa "unaccompanied minors", na nilimsikia mkalimani akitamka "wadogo wasiosindikizwa". Ungedhani ni mizigo. Walikuwa watoto waliopotelewa na mama zao.

Wala tusisahau neno "boy", ambalo wakoloni walituachia likawa boi. Mzee mwenye wajukuu, anayeheshimiwa kijijini kwake, akiingia jikoni kwa bwana aliitwa boi hadi anazeeka. Tuliona uchungu, na haki ilikuwa yetu. Leo sisi tuliouona uchungu huo tunampandisha mtoto basi la Bukoba au Mwanza akalee watoto wa wengine, tukamwita hausigeli. Jina hilo halina umri, na ndiyo maana tunalipenda. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na mwenye 14 inamruhusu kazi nyepesi tu isiyomzuia shule. Lakini nani atamuuliza hausigeli umri wake?

Msinielewe vibaya. Silaumu Kiingereza. Kisu hakimchinji kuku pasipo mkono. Kiswahili chetu nacho kina binti, mwali, kigori, kijana, barobaro, na tunajua kuyatumia kwa hila. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni wa miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kati ya 15 na 18 mtu mmoja ana majina mawili, na mwenye kuchagua ni mtu mzima, kwa faida yake. Akitumwa kuni ni mtoto, akichapwa ni mtoto, akidai kusikilizwa ni mtoto. Akija mchumba, ghafla ni binti mkubwa. Miaka ile mitatu ndiyo mlango wa mwizi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliuacha mlango huo wazi, ikamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba jambo hilo linapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi uleule. Majaji waliona lile ambalo mimi sikutaka kuliona.

Wazee wenzangu hunijibu kwamba kwa desturi msichana aliyevunja ungo si mtoto. Nami nawauliza: kwa Kinyambo, baba akigawa shamba la migomba, hamwiti mwanawe mwenye mvi "omwana"? Mbona neno hili linakuwa refu mbele ya shamba, na fupi mbele ya mahari? Wengine husema kinachoumiza ni umaskini, si majina. Kweli, umaskini unasukuma. Lakini jina ndilo linalomfanya jirani, mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu wageuze uso pembeni.

Miaka ya karibuni nilikutana na mmoja wa wale wasichana sokoni Kayanga. Sasa ni bibi. Aliniamkia kwa heshima, akanionyesha mjukuu wake aliyevaa sare za shule. "Mwalimu," akasema, "huyu anajua hesabu kama mimi." Hakuniambia zaidi ya hayo. Sikupata la kumjibu.

Basi nawaomba walimu mlio kazini, nanyi watendaji wa vijiji na wote mnaoshika kalamu: kwa kila aliye chini ya miaka 18 andikeni umri wake kwa tarakimu, na mbele yake andikeni mtoto. Mkiona neno hilo linawazuia kumaliza sentensi, msitafute neno jingine. Isimamisheni ile arusi.