Polisi Mla Rushwa, Sinema na Nchi ya Majani Chai

Sinema ya taharuki kuhusu polisi wala rushwa imekuwa nchini Kenya, kwa kiasi kikubwa, mali ya Nairobi: ndiko inakoandikwa, ndiko inakopigwa picha, na ndiko mtazamaji alikozoeshwa kuamini kwamba uhalifu wa mwenye sare huzaliwa na kukulia. Toleo hili linayahoji mazoea hayo kwa kuutazama utanzu huo kutoka Kericho na Bomet, kaunti mbili ambazo picha yake katika filamu na matangazo ya biashara ni mabonde ya kijani, ukungu na vikapu vya wachumaji, kana kwamba hapajawahi kuwa na kituo cha polisi. Hoja inayoziunganisha makala zake ni kwamba rushwa ya polisi ni utaratibu wa kazi wenye ngazi, zamu na mgao, na kwamba filamu inayoifanya kuwa tabia ya mtu mmoja aliyepotoka, hata ikijaa milio ya risasi, humburudisha mtazamaji bila kumwelewesha lolote.

Kwa sinema ya taharuki inakusudiwa hapa filamu ambayo humweka mtazamaji katika wasiwasi wa kutaka kujua litakalotokea, wasiwasi unaotokana na kosa la jinai na mvutano kati ya wanaolificha na wanaolifichua. Katika hadithi ya kawaida ya upelelezi polisi huwa upande wa wafichuzi. Katika utanzu unaojadiliwa hapa yeye ndiye mfichaji, na kwa kuwa ndiye pia mwenye funguo za seli, bunduki na kitabu cha matukio, ambacho wananchi hukiita OB, aliyedhulumiwa hujikuta hana pa kushtakia ila kwa yule yule aliyemdhulumu. Taharuki ya filamu za majambazi hukoma msaidizi anapofika. Hapa huanza anapofika.

Msamiati mzuri zaidi wa kulizungumzia jambo hili ulipatikana New York. Filamu ya Serpico, iliyoongozwa na Sidney Lumet na kutolewa mwaka 1973, ilitokana na maisha ya askari Frank Serpico, ambaye ufichuzi wake ulichangia kuundwa kwa Tume ya Knapp mwaka 1970. Ripoti ya tume hiyo ya 1972 iliwagawa polisi wala rushwa katika makundi mawili: wala nyama, ambao huisaka rushwa kwa nguvu na ujanja, na wala nyasi, ambao huridhika kupokea kile ambacho mzunguko wa kazi huwaletea. Tume ilishikilia kwamba wala nyasi, walio wengi, ndio kiini cha tatizo, kwa sababu wingi wao huifanya rushwa ionekane jambo la heshima na kumfanya askari mwaminifu aonekane msaliti. Hata hivyo sinema imempenda zaidi mla nyama. Katika Training Day ya 2001, iliyompatia Denzel Washington tuzo ya Oscar, mpelelezi mmoja mwenye haiba na ukatili huitawala hadithi nzima, na anapouawa mtazamaji hutoka akihisi kwamba mtaa umesafishwa, ingawa hakuna aliyemwonyesha ni nani atakayekalia kiti chake kesho yake asubuhi.

Msomaji wa Kiswahili alikutana na mpelelezi kupitia riwaya kabla ya sinema. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mashujaa waliotofautiana kwa silaha na mavazi, lakini wote ni watu ambao raia angeweza kuwakabidhi siri yake bila hofu ya kuuzwa. Nchini Kenya mkondo ulikuwa mwingine: My Life in Crime, kitabu cha John Kiriamiti kilichotoka mwaka 1984, kilimpa jambazi nafasi ya kujieleza, na polisi akabaki kuwa mtu anayekimbiwa. Katika runinga polisi aliingia kwa mlango wa vichekesho, kupitia Vioja Mahakamani ya shirika la utangazaji la taifa na baadaye Inspekta Mwala ya Citizen, ambayo Davis Mwabili aliitendea haki kwa umahiri mkubwa. Vichekesho hivyo vilikuwa na ujasiri wake, kwa kuwa vilimruhusu mwananchi kumcheka hadharani mtu aliyemwogopa barabarani. Udhaifu wake ni kwamba kitu kidogo kilichochekwa kila wiki kiligeuka kuwa kama hali ya hewa, jambo la kulalamikiwa na kuzoewa.

Nairobi Half Life ya 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga na kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ilikatiza kicheko hicho. Kijana Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anakwenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji na kuangukia katika genge linaloiba vipuri vya magari na hatimaye magari yenyewe. Polisi wanaomzunguka hawana chuki na wezi. Wanawatoza ushuru, na biashara inapowageuka wanakuwa waendesha mashtaka, mahakimu na wanyongaji kwa wakati mmoja. Filamu hiyo iliuona ukweli mkubwa, kwamba mhalifu na askari wanaweza kuwa washirika wa biashara moja. Lakini polisi wake hawana ofisi, hawana mshahara na hawana mkubwa anayewasubiri jioni. Wanatokea, wanapokea, wanaua; mtazamaji haoni wanakokipeleka walichopokea.

Jibu la swali hilo lilianza kuonekana nje ya sinema, na kwa njia ambayo mwandishi wa miswada hangeithubutu kwa kuogopa kuwachosha watazamaji. Mwishoni mwa 2013 Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ikiongozwa na Johnston Kavuludi, ilianza kuwapiga msasa maafisa, yaani kuwachunguza mmoja mmoja ili kuamua kama wanafaa kubaki kazini. Kadiri zoezi hilo lilivyoendelea, maafisa wa trafiki walitakiwa kueleza taarifa zao za M-Pesa, ambazo zilionyesha fedha zikipanda mara kwa mara kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa, kwa viwango visivyolingana na mishahara yao. Hapakuwa na bunduki mezani. Palikuwa na karatasi zenye tarehe, saa na kiasi. Karatasi hizo zilieleza rushwa ya polisi kwa ukamilifu kuliko filamu yoyote iliyokuwa imetengenezwa Afrika Mashariki kufikia wakati huo, kwa kuwa zilimtoa askari wa barabarani katika upweke wake na kumweka mahali pake halisi, yaani katika ngazi ya chini ya ukusanyaji.

Kesi ya wakili Willie Kimani inatoa funzo lilo hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 2015 afisa wa polisi alimpiga risasi Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, katika ukaguzi wa barabarani, na Mwenda akapeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza mwenendo wa polisi. Tarehe 23 Juni 2016, walipokuwa wakitoka katika mahakama ya Mavoko, Mwenda, wakili wake Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa, wakazuiliwa katika kituo kidogo cha polisi cha Syokimau, kisha wakauawa. Wakiwa kizuizini Kimani aliandika ujumbe wa kuomba msaada kwenye karatasi ya shashi na kuutupa nje. Mwezi Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maafisa watatu na mpasha habari wao mmoja. Februari 2023 mmoja wa maafisa hao alihukumiwa kifo na wengine kufungwa vifungo virefu. Kesi nzima ilianza na ukaguzi wa kawaida barabarani, na kilichowaponza watu watatu ni kwamba mmoja wao alikataa kunyamaza na akaandikisha malalamiko. Mla nyasi na mla nyama wa Tume ya Knapp huishi nyumba moja. Wa kwanza humtunzia wa pili mlango.

Ni kwa sababu hiyo nchi ya majani chai inastahili kuingia katika mjadala huu, kwa kuwa ni nchi iliyojengwa juu ya mizani na maandishi. Tangu KTDA, shirika la chai, ilipoanzishwa mwaka 1964 kuwahudumia wakulima wadogo, mkulima wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, yakapimwa, naye akaondoka na risiti. Kwa kilo hizo hizo hukokotolewa bonasi, malipo ya pili yanayofuata kufungwa kwa mwaka wa hesabu, na mkulima anayeona kilo zimepungua anajua ni nani wa kumuuliza. Mkulima huyo huyo anapopanda matatu kutoka Litein kwenda Kaplong, au kutoka Kericho mjini kwenda Londiani, hupita katika barabara ambazo, kama nyingine zote za Kenya, zina vizuizi vya polisi, na fedha inayotoka dirishani kwenye kizuizi haina mizani, haina risiti, wala haina mkutano wa mwaka ambapo mtu atasimama kuuliza ilikokwenda. Mtu aliyezoea kudai hesabu ya kila kilo ndiye mtazamaji aliye tayari zaidi kwa filamu inayofuata fedha kutoka kwa utingo hadi kwa mkubwa wa mwisho.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Mashamba makubwa ya Kericho yalishika kasi katika miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilipoingia, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai waliihesabu kuwa yao. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mahususi ya kuwaondoa malaibon, viongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai, na familia zao zikahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kwa jamii hii, basi, nguvu ya dola yenye sare ilijulikana kwanza kama nguvu ya kuhamisha watu, ilhali magomvi ya jirani na jirani yalikuwa yakiamuliwa katika kokwet, baraza la wazee wa ujirani linalokaa hadharani. Filamu ya Kericho haiwezi kuazima kutoka Hollywood ile dhana ya kikosi kilichokuwa safi zamani kikaharibiwa na watu wachache, kwa sababu hapa hakuna kumbukumbu ya usafi huo wa kurejelewa.

Sababu ya tatu ni mageti. Shamba kubwa la chai lina barabara zake, nyumba zake, zahanati yake na walinzi wake, hivi kwamba mchumaji anaweza kuishi miezi mingi akiwa zaidi chini ya mamlaka ya msimamizi kuliko ya serikali. Februari 2023 makala ya uchunguzi ya BBC, iliyotumia kamera ya siri, ilifichua wasimamizi waliowadai wanawake ngono ili wapewe kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Mei mwaka huo huo mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na waandamanaji waliolalamikia kupotea kwa ajira. Matukio hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yanaibua swali ambalo utanzu huu ungelishughulikia vizuri kuliko hotuba yoyote: polisi anapofika shambani, amekuja kumlinda nani, na ni malalamiko ya nani yatakayoandikwa katika kitabu cha matukio usiku huo?

Wapo wanaoshikilia kwamba filamu za aina hii huwafundisha vijana uhalifu na kuwavunja moyo askari waaminifu. Pingamizi hilo halipaswi kupuuzwa, hasa katika nchi ambayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, humtaka mwombaji wa leseni kuwasilisha maelezo ya matukio na maneno yote ya muswada, jambo linaloipa serikali nafasi ya kusoma hadithi kabla kamera haijawashwa. Misri ilikwenda mbali zaidi: The Nile Hilton Incident ya Tarik Saleh, iliyotoka 2017 na inayohusu polisi wala rushwa wa Cairo, ilizuiwa kupigwa picha mjini humo ikabidi ihamie Casablanca. Lakini askari mwaminifu ndiye wa kwanza kuumizwa na ukimya, kwa kuwa utaratibu wa mgao humwadhibu kwa uhamisho na kutengwa muda mrefu kabla haujamgusa raia. Ibara ya 244 ya Katiba ya 2010 inaitaka huduma ya polisi izuie ufisadi na itende kwa uwazi. Filamu inayopima umbali kati ya ibara hiyo na kizuizi cha barabarani inaikumbusha dola ahadi yake yenyewe.

Makala za toleo hili zinaligawana jambo hili kwa namna mbalimbali: zipo zinazochambua filamu na tamthilia za runinga, zipo zinazochunguza sheria ya leseni, na zipo zinazowatazama watazamaji wenyewe, wakiwemo vijana wa mabanda ya video ambako filamu za kigeni hutafsiriwa kwa sauti ya DJ Afro na ambako polisi wa Los Angeles huzungumza Kiswahili cha Kenya. Hazikubaliani katika kila jambo. Zinakubaliana, hata hivyo, kuhusu kipimo ambacho filamu ijayo itakayowekwa Kericho au Bomet inapaswa kupimwa nacho: mtazamaji atakapotoka awe anaweza kusema ni kiasi gani kilichotolewa, nani alikitoa, kilipanda hadi kwa nani, na ni ukurasa upi wa kitabu cha matukio ulioachwa bila kuandikwa. Filamu itakayoshindwa kuyajibu hayo itakuwa imemkamata mwizi mmoja na kuuacha utaratibu uendelee na zamu yake.