Urembo Usigeuke Jeraha

Inasikitisha kumwona bibi arusi amekaa kwenye jukwaa ilhali makwapa yanamuuma kwa kuunguzwa na nta. Si kila ngozi huvumilia kung'olewa nywele kwa njia hii. Hatari zaidi ni kwa watumiao krimu za kujichubua: nyingi hupunguza unene wa ngozi, na nta huweza kuibandua pamoja na nywele. Mhudumu mwadilifu wa saluni humhoji mteja kwanza, hupima joto la nta, huijaribu mahali padogo, kisha hungoja siku nzima. Wala hachovyi kijiti kilekile mara mbili. Asiyefanya hivyo anauza maumivu. Nawe mteja, usione haya kuuliza. Tahadhari kabla ya hatari.